Kidole cha Mguu Kinapouma: Tukisikilize Kabla ya Kukinyamazisha

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahudumu wa afya mliohudhuria, mabibi na mabwana,

Kabla sijaanza, ninawaomba mvue kiatu cha mguu mmoja, mkanyage sakafu bila kunyanyua kisigino, kisha kwa mkono mkiinue kidole gumba cha mguu huo taratibu huku vidole vingine vikibaki chini. Tazameni upande wa ndani wa unyayo. Wengi wenu mtaona tao la unyayo likipanda lenyewe, kana kwamba kuna mtu aliyevuta kamba kwa chini. Kamba hiyo ipo kweli. Ni utando mgumu unaoanzia kwenye kisigino na kushikamana na mashina ya vidole, na kila tunapopiga hatua, kidole gumba kinapojikunja kuelekea juu, utando huo hukazwa na mguu uliokuwa laini wakati wa kutua ukageuka kuwa wenzo mgumu wa kutusukuma mbele. Utaratibu huu ulielezwa na mtafiti Hicks mwaka 1954, lakini miili yetu imekuwa ikiutumia tangu binadamu aliposimama kwa miguu miwili.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu miaka niliyofanya kazi ya kuhudumia miguu imenionyesha kwamba kidole cha mguu hudharauliwa sana. Mtu akiumwa jino hatalala. Akiumwa kidole cha mguu huchechemea miezi mitatu, akaegemeza uzito kwenye upande wa nje wa unyayo ili asikikanyage, na siku anapokuja kuonana nasi analalamikia goti au kiuno, wala kidole hakitaji mpaka aulizwe. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba kidole kinachouma hutoa maelezo. Mahali kinapouma, saa kinapouma na kitu kinachokizidishia au kukipunguzia maumivu husema mengi kuhusu chanzo, na nafuu ya kweli hutegemea kukijua chanzo hicho. Kidonge kinachonyamazisha maumivu bila swali kuulizwa kinaweza kumfaa mgonjwa mmoja na kumwangamiza mwingine.

Mguu mmoja una mifupa 26, na kati ya hiyo 14 ni ya vidole: miwili kwenye kidole gumba na mitatu kwenye kila kidole kinachobaki. Chini ya shina la kidole gumba kuna vifupa viwili vidogo zaidi vilivyojificha ndani ya kano, ambavyo jina lake la kitabibu limetokana na punje ya ufuta. Vifupa hivyo hubeba mzigo mkubwa kila tunaponyanyua kisigino, na wachezaji ngoma pamoja na wakimbiaji huvijua vizuri, kwa maana vikichoka huuma chini kabisa ya kidole, pale panapogusa ardhi. Zingatieni neno hilo, chini. Maumivu yaliyo juu ya kiungo, pembeni mwa ukucha, chini ya shina na katikati ya vidole viwili ni maumivu ya magonjwa tofauti, ingawa mgonjwa atayaita yote kwa jina moja: "kidole kinaniuma."

Nianze na maumivu yanayokuja usiku. Mtu analala mzima, anaamka saa nane au saa tisa za usiku akiwa na kidole gumba kilichovimba kwenye shina, chekundu au kilichoiva rangi, cha moto, na kinachouma kiasi kwamba shuka likikigusa anapiga kelele. Nilimhudumia bwana mmoja aliyekata ncha ya soksi kwa mkasi ili kidole kikae nje, na aliposikia nyayo za mtu zikikaribia kitanda chake alinyoosha mkono kumzuia asije akakigonga. Huo ndio ugonjwa wa jongo, ambao wengi siku hizi huuita gauti. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham, aliyeugua jongo kwa miaka mingi, aliandika habari zake mwaka 1683, na kila aliyewahi kupatwa na shambulio hilo akisoma maelezo yake huona kama ameelezwa yeye.

Chanzo chake ni asidi ya uriki, taka inayotokana na kuvunjwavunjwa kwa kemikali ziitwazo purini, ambazo nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe na nyingine huingia na chakula. Sehemu kubwa ya asidi hiyo, takriban theluthi mbili, hutolewa na figo. Inapozidi kiasi cha miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, haiyeyuki tena vizuri na huanza kuganda kuwa fuwele nyembamba kama sindano. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona fuwele hizo kwa darubini yake mwaka 1679, na mwaka 1848 Alfred Garrod akaonyesha kwamba wagonjwa wa jongo wana asidi ya uriki nyingi katika damu. Kwa nini basi kidole gumba? Kiko mbali na moyo, kwa hiyo kina baridi kuliko viungo vya ndani, na asidi hiyo huganda upesi zaidi penye baridi. Juu ya hayo, kiungo hicho hugongwa na kulemewa kila siku. Kiasi cha nusu ya wagonjwa hupatwa na shambulio la kwanza hapo hapo.

Ninapenda kulisema jambo moja bila kuzunguka, kwa kuwa limewaumiza watu wengi. Jongo limepakwa sifa ya kuwa ugonjwa wa walafi na walevi, na kwa sababu hiyo wagonjwa huona aibu, wakajificha, wakajinyima kila kitu na bado wakapatwa. Ni kweli kwamba pombe, hasa bia, maini na figo za wanyama, nyama nyekundu kwa wingi, na vinywaji vilivyotiwa sukari nyingi huchochea mashambulio. Lakini urithi wa kuzaliwa na uwezo wa figo wa kuitoa asidi hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi, na zipo dawa za shinikizo la damu za kuongeza mkojo, pamoja na aspirini ya dozi ndogo, ambazo hupandisha kiwango chake. Mtu anayekula kwa kiasi maisha yake yote anaweza kuugua jongo. Hastahili lawama; anastahili vipimo na dawa.

Na kuhusu dawa kuna makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kudhani kwamba shambulio likiisha, ugonjwa umeisha. Shambulio hupoa lenyewe katika wiki moja au mbili hata lisipotibiwa, lakini fuwele hubaki kwenye kiungo, na mashambulio yakijirudia mwaka baada ya mwaka hula gegedu na mfupa. Ndiyo maana mwenye mashambulio ya mara kwa mara hupewa dawa ya kushusha asidi ya uriki, kama vile alopurinoli, anayoimeza kila siku hata asipoumwa, huku damu ikipimwa mpaka kiwango kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo ya dawa hiyo mashambulio yanaweza kuongezeka, kwa kuwa fuwele za zamani zinayeyuka, na wagonjwa wengi huiacha wakati huo huo, wakisema dawa imewadhuru. Ninawasihi wahudumu mlio hapa mumweleze mgonjwa jambo hili siku ile ile mnapompa dawa, maana akilijua mapema huvumilia, na akilikuta ghafla hukimbia. Kosa la pili ni kuamini kipimo kimoja cha damu kilichochukuliwa katikati ya shambulio. Kiwango wakati huo kinaweza kuonekana cha kawaida, kikampotosha mgonjwa na hata anayemtibu, kwa hiyo ni vyema kirudiwe wiki kadhaa baada ya maumivu kutulia.

Iwapo kiungo kilichovimba kinaambatana na homa na mgonjwa anatetemeka kwa baridi, asisubiri kesho. Vijidudu vinaweza kuingia kwenye kiungo na kukiharibu katika siku chache, na kwa macho tu hali hiyo na jongo hufanana.

Sasa tushuke kwenye ukucha. Kucha za miguuni hukua polepole, kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, na ukucha wa kidole gumba ukitoka wote huchukua mwaka mzima na zaidi kurudi. Maumivu ya pembeni mwa ukucha, yanayozidi kiatu kinapobana na yanayomfanya mtu aruke akiguswa kwenye kona, kwa kawaida ni ya ukucha ulioota kuingia nyamani. Kikishavimba na kutunga usaha, wengi husema kimeingia mdudu, ijapokuwa hakuna mdudu wa kuonekana; kuna kipande cha ukucha kilichochongoka kama mwiba na nyama inayojaribu kukisukuma nje. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaokichonga mwiba huo, tunapozungushia mkasi kwenye kona za ukucha ili upendeze kama wa mkononi, au tunapoung'oa kwa vidole ukiwa laini baada ya kuoga. Ukucha wa mguuni ukatwe kwa mstari ulionyooka, kona zake zibaki zinaonekana juu ya nyama.

Hali ikiwa ya mwanzo, nyumbani panatosha. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano au ishirini, mara mbili au tatu kwa siku, kausha vizuri, kisha inua kona ya ukucha kwa uangalifu na kupachika kijipamba safi chini yake, ukikibadilisha kila siku, na uvae viatu vilivyo wazi mbele mpaka kona ipite nyama. Pakitoka usaha, au pakiota kinyama chekundu kinachovuja damu kikiguswa, kituo cha afya hakikwepeki. Hapo watu wengi hupewa dawa ya kuua vijidudu peke yake, wakapata nafuu ya wiki mbili, kisha tatizo likarudi, kwa sababu mwiba bado uko ndani. Tiba iliyo bora kwa hali inayojirudia ni kukifisha ganzi kidole, kuukata ukanda mwembamba wa pembeni mwa ukucha, na kupaka fenoli kwenye shina la ukanda huo ili usiote tena. Ni kazi fupi, mgonjwa huenda nyumbani kwa miguu yake, na nimewaona vijana waliokuwa wameacha michezo kwa mwaka mzima wakirudi uwanjani.

Ukucha uliogeuka mweusi baada ya kuangukiwa na kitu au baada ya mbio ndefu una damu chini yake. Damu ikiwa nyingi na kidole kikipwita, mhudumu anaweza kutoboa tundu dogo juu ya ukucha, damu ikatoka, na maumivu yakashuka papo hapo. Asijaribu mtu kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa sindano ya kushonea. Doa la damu husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Doa au mstari mweusi usiosogea, unaopanuka, au unaoingia kwenye ngozi ya shina la ukucha ni habari nyingine kabisa. Wengi mnamfahamu mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika. Mwaka 1977 kidonda chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake, kilichodhaniwa kwanza kuwa ni jeraha la mpira wa miguu, kiligunduliwa kuwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Saratani hiyo haitokei mara nyingi mahali hapo, na sipendi mtu yeyote aondoke hapa na hofu, ila kwa watu wenye ngozi nyeusi nyayo na chini ya kucha ndiko inakojitokeza zaidi, na ndiko wasikotazama. Doa lisilo na maelezo lionyeshwe kwa daktari.

Kuhusu kiatu nitasema zaidi mwishoni, lakini ni lazima nikitaje hapa kwa sababu ya ulemavu wa kidole gumba kinachoegemea wenzake. Uvimbe unaojitokeza upande wa ndani wa mguu watu huudhania kuwa mfupa ulioota, kumbe ni kichwa cha mfupa ule ule uliokuwepo, kilichojitokeza kwa kuwa kiungo kimepinda. Urithi una sehemu yake, na kiatu chenye ncha nyembamba huchangia kuuzidisha. Vipande vya mpira vinavyowekwa katikati ya vidole hupunguza msuguano na maumivu. Havinyooshi mfupa, na anayeviuza kwa ahadi hiyo anadanganya. Upasuaji upo, na unafaa pale maumivu yanapomzuia mtu kutembea, si kwa ajili ya sura ya mguu.

Kiungo hicho hicho kinaweza kuchakaa na kukakamaa bila kupinda. Mwenye tatizo hili huumwa juu ya kiungo kila anapokanyagia vidole, kupanda ngazi au kuchuchumaa, na akikiinua kidole kwa mkono, kama mlivyofanya mwanzoni, kinagoma. Watu humshauri avae kiatu laini kinachokunjika, kwa nia njema, na maumivu yanazidi. Kinachomsaidia ni soli ngumu, yenye mviringo kidogo mbele, ili kiatu kibiringike badala ya kidole kukunjwa.

Yapo pia maumivu ya katikati ya kidole cha tatu na cha nne, yanayochoma kama umeme, na mgonjwa huapa kwamba amekanyaga kijiwe au soksi imejikunja ndani ya kiatu. Anavua, anatikisa kiatu, hakuna kitu, na akikaa bila kiatu dakika chache anapata ahueni. Hiyo ni neva iliyonenepa kwa kubanwa, hali iliyoelezwa na daktari Mmarekani Thomas Morton mwaka 1876, na kiatu kipana chenye kisigino kifupi huwaondolea wengi adha hiyo.

Kidole kilichogonga mguu wa kitanda gizani hakina fumbo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi na tano, inua mguu, na kama ni kimojawapo cha vidole vidogo na kimenyooka, weka pamba kati yake na jirani yake kisha uvifunge pamoja kwa plasta bila kukaza. Mfupa wa kidole kidogo huunga kwa kawaida katika wiki nne hadi sita. Kidole gumba kilichoumia, kidole kilichopinda upande, au jeraha lililo wazi juu ya mfupa vinahitaji picha ya eksirei na mkono wa mtaalamu. Dawa ya maumivu aina ya ibuprofeni hufaa kwa wengi kwa siku chache, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito aulize kwanza.

Nimeyaacha kwa makusudi mpaka sasa maneno yanayonigusa zaidi, nayo yanahusu kidole kisichouma. Kisukari kinapodumu mwilini bila kudhibitiwa huharibu neva ndefu kuliko zote kwanza, na neva ndefu kuliko zote ndizo zinazofika vidoleni. Mgonjwa huanza kwa kuhisi ganzi, au kama anatembea juu ya pamba, au kuchomachomwa usiku. Baadaye anaacha kuhisi. Nilimvua kiatu mama mmoja aliyekuja kupimwa macho tu, akiwa mchangamfu na anacheka, na ndani ya kiatu kulikuwa na kifuniko cha chupa alichokuwa amekikanyaga tangu asubuhi. Soksi ilikuwa imelowa damu. Alikitazama kile kifuniko mkononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine. Maumivu ambayo sisi tunayakimbia ndiyo yaliyomkosa, na laiti angekuwa nayo angevua kiatu hatua ya pili. Kipimo cha kugundua upungufu huo ni rahisi: uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye unyayo kwa nguvu ya gramu 10 huku mgonjwa amefumba macho akisema anapohisi. Kila mwenye kisukari astahili kufanyiwa hivyo angalau mara moja kwa mwaka.

Mtu wa namna hiyo asiloweke miguu katika maji aliyoyapima kwa miguu, ayapime kwa kiwiko. Asiweke barafu wala chupa ya maji ya moto. Asikate sugu kwa wembe. Na kila jioni atazame nyayo zake kwa kioo, au amwombe mtu wa nyumbani amtazamie, mpaka katikati ya vidole. Kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani na kupapasa. Naye aliye na maumivu ya vidole yanayomwamsha usiku na kutulia anapoushusha mguu ukingoni mwa kitanda, hasa kama amevuta sigara kwa muda mrefu, ajue kwamba huenda mishipa yake ya damu imeziba. Kidole kilichopoa ghafla, kikawa cha buluu au cheusi, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Nilisema nitarudi kwenye kiatu. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kiatu kijaribiwe jioni, mtu akiwa amesimama, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Kidole kirefu si lazima kiwe gumba. Kwa watu wengi ni cha pili. Lakini kuliko kuniamini mimi, kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeweka karatasi na penseli. Mkitoka, kila mmoja asimame bila kiatu juu ya karatasi, mwenzake amchoree mzunguko wa mguu, kisha aweke kiatu chake juu ya mchoro huo na kutazama ni vidole vingapi vimebaki nje ya kiatu. Mwenye kisukari aje kwangu kwanza kabla ya kuvua, nimtazame miguu. Nitakuwepo hapo mpaka mtu wa mwisho atakapomaliza.

Asanteni kwa kunisikiliza.